Waya Ulioishia Chumbani

Kavutha alifika Kitengela saa mbili asubuhi akiwa na trei moja ya mayai, gauni la kanisani ndani ya mfuko, na woga ambao hakuwa amemwonyesha mtu. Saa tano kamili alitakiwa mbele ya jaji. Si kule Kajiado kortini. Siku hizi jaji anakaa kwake na wewe unakaa kwako, mnaonana kwa kioo cha kompyuta. Na hii ilikuwa mara yake ya tatu.

Mara ya kwanza alitumia simu yake mwenyewe huko Isinya, amesimama nyuma ya nyumba ya kuku, mahali pekee ambapo netiweki hushika. Alisikika akisema, "Ninaitwa Kavutha," halafu picha yake ikaganda, mdomo wazi, jicho moja limefumba, na ikabaki hivyo mpaka wakamtoa. Mara ya pili alienda saiba, duka la kukodisha kompyuta. Vijana walikuwa wanacheza mpira wa kompyuta, na wakati ameinua Biblia anaapa, goli likaingia. Jaji, mama mmoja mfupi wa sauti ya chini, alivua miwani akamwambia wakili: mara ijayo shahidi wako asipoonekana na asiposikika, nitafunga ushahidi wake, niamue kwa yale niliyo nayo mezani.

Yale aliyokuwa nayo mezani yalikuwa makaratasi ya mtu mwingine. Kulikuwa na bwana mmoja wa Nairobi aliyetokea na hati yake mpya ya robo eka ileile ambayo Kavutha amefugia kuku miaka yote hii, amechimba choo, amepanda miti, na kumzika mume wake. Wakili wake, msichana mwerevu anayeitwa Valerie, alikuwa amemwambia bila kuzunguka: "Mama, karatasi zako peke yake hazitoshi. Lazima jaji akusikie wewe."

Ndiyo maana akaja kwa binti yake. Evalyne na mume wake Munguti wanakaa kwenye ploti ya nyumba nne zinazotazamana, upande wa nyuma wa Kitengela, na wiki hiyo walikuwa wanaunganishiwa intaneti ya waya, ile inayotoka kwenye nguzo na kuingia ndani ya nyumba. Wao ndio walikuwa wa kwanza kwenye ploti. "Hiyo haigandi, Mama," Evalyne alimhakikishia kwa simu. "Mvua inyeshe, upepo uvume, iko tu."

Sasa, kuna jambo moja lazima lielezwe hapa, kwa sababu bila hilo utaona hawa watu ni wajinga, na hawakuwa wajinga. Kavutha ni Mkamba wa zamani kidogo, na mkwe wake pia amelelewa na nyanya yake kule Kibwezi. Kati ya mama na mume wa binti yake kuna nthoni. Ni heshima, na ni haya, na ni woga kidogo, vyote kwa pamoja. Hawapeani mikono. Hawatazamani usoni kwa muda mrefu. Mmoja akiwa na kitu cha kumpa mwenzake, anakiweka chini, mwingine anakuja kukiokota. Na chumba ambacho binti yake analala na mume wake, hicho mama mkwe hakanyagi. Hata kuona kitanda chao ni aibu. Wengine siku hizi wamelegeza, wanakula meza moja wakicheka. Kavutha na Munguti hawakuwa wamelegeza. Miaka sita wameishi hivyo, na kwa njia hiyo walikuwa wamependana vizuri sana.

Evalyne alikuwa ameenda kazini kwenye shamba la maua tangu saa kumi na moja alfajiri. Katee, mjukuu, yuko shule. Wakabaki wawili tu, mama mkwe sebuleni, mkwe akiosha mikono nje kwenye bomba.

"Habari ya Isinya, Mwaitu?" Munguti alisalimia, akimwita mama kwa Kikamba, huku anatazama mlango.

"Ni nzuri, Baba Katee. Kazi hukuenda?"

"Nimefunga leo. Milango ya watu itangoja."

Munguti ni fundi wa kuchomelea, mtu wa mageti na madirisha, mrefu, mikono imejaa alama za cheche. Kavutha alijua siku ya kufunga ni siku ya hasara. Aliangalia chini akafurahi.

Juu ya meza kulikuwa na visanduku viwili ambavyo havijafunguliwa. Yule kijana wa kampuni, Austin, alikuwa amekuja jana, akatoboa ukuta, akaingiza waya, halafu akaitwa nyumba nyingine kabla ya kumaliza. Alisema iliyobaki ni kuchomeka tu, hata mtoto anaweza, picha ziko kwa karatasi.

"Nisaidie kufungua hizo, Mwaitu. Mikono yangu bado iko na grisi."

Kavutha alifungua taratibu kwa kucha, bila kurarua. Kwenye sanduku la kwanza mlikuwa na modemu, nyeusi, inasimama kama kitabu, ndiyo hupokea waya wa kutoka nje. Kwenye la pili, rauta, nyeupe, ina masikio manne, ndiyo hurusha hiyo intaneti hewani nyumba nzima. Kila moja na chaja yake, na hizo chaja zilikuwa nyeusi zote, mdomo mmoja, kama mapacha. Lakini Kavutha ni mtu wa vifaranga. Miaka mingi amewasha balbu za kuwapa joto, na aliwahi kuchoma banda kwa kuweka balbu ambayo si yake. Tangu siku hiyo hachomeki kitu kabla ya kusoma. Shule aliacha darasa la tano, lakini nambari ni nambari. Chaja ya modemu iliandikwa kumi na mbili. Ya rauta, tisa. Akakunja kila waya vizuri, akaweka kila chaja kando ya mwenyewe, akavipanga juu ya stuli kwenye ukumbi mdogo wa kuelekea vyumbani, akarudi kukaa.

Munguti alikuja kwa haraka, akavikumbatia vyote kwa mkono mmoja kama mtu anayebeba kuni. Chaja zikaanguka zote mbili. Akaziokota, akaangalia moja, akaangalia nyingine, akainua mabega, na Kavutha akaona vizuri kabisa kwamba ameshika ile ya kumi na mbili pamoja na ile nyeupe.

Akafungua mdomo. Lakini Munguti alikuwa ameshainua pazia na kuingia chumbani, kwa sababu huko ndiko Austin alikotoboa ukuta, huko ndiko nguzo inakoelekea. Na mtu hamwiti mkwe wake akiwa chumbani mwake. Kavutha akafunga mdomo. Ni fundi, akajiambia. Ataona mwenyewe.

Hakuona. Ulipita muda wa kuhesabu hadi kumi, kisha "tap," sauti ndogo tu, na harufu ya plastiki iliyoungua ikatoka chini ya pazia.

"Nimeisha mimi," Munguti alisema huko ndani.

Akatoka ameshika ile rauta nyeupe kwa vidole viwili, kama panya aliyekufa. Kamoshi kembamba kalikuwa kanapanda kutoka katikati ya masikio yake.

"Ile chaja ya kumi na mbili ni ya ile nyeusi," Kavutha alisema, anatazama mikono yake. "Hiyo nyeupe inataka tisa."

Munguti akaigeuza ile rauta, akaisoma nyuma. "Uliona?"

"Niliona."

"Na hukusema?"

"Ulikuwa umeshaingia."

Munguti alielewa mara moja, na hilo ndilo lilimuumiza Kavutha zaidi, kwamba alielewa, hata hakukasirika. Angekuwa mkwe mwingine angepiga kelele. Huyu aliiweka ile maiti ya rauta juu ya meza polepole na kusema, "Basi tuone kama mkubwa wake amepona."

Alipoirudishia modemu chaja yake ya haki, ilikuwa saa nne na dakika tano. Taa zikawaka. Akapiga simu kwa kampuni, akaweka sauti ya nje, na Kavutha akiwa sebuleni akasikia dada mpole wa huko akimwelekeza.

"Zinafaa kuwa nne, sir. Ikiwaka bila kucheza, hiyo imekaa. Subiri zikae zote."

"Ya kwanza imekaa," Munguti akaita, na haikujulikana anamwambia yule dada au mama mkwe. "Ya pili imekaa. Ya tatu inacheza."

"Ngojea tu, sir."

Kavutha alingojea naye. Alikuwa amevaa gauni la kanisani tayari, la bluu, na hereni alizonunuliwa na marehemu. Midomo yake ilikuwa inatembea bila sauti.

"Ya tatu imekaa! Ya nne... bado. Bado. Imekaa!"

"Bwana asifiwe," Kavutha akasema kwa nguvu.

"Amina," yule dada wa kampuni akajibu kwa simu.

Lakini leptopu ya Evalyne, ilipochomekwa kwa ule waya mfupi wa njano uliokuja na modemu, haikufungua kitu. Yule dada akasema modemu hushika urafiki na kifaa cha kwanza ilichokutana nacho, pengine bado imekumbatia ile rauta, kwa hivyo aichomoe umeme, ahesabu mpaka thelathini, airudishe. Munguti akaanza kuhesabu. Alipofika saba akasikia kuna mtu anahesabu pamoja naye upande wa pili wa pazia. Wakaenda hivyo mpaka thelathini, kama watoto wa nasari, mmoja chumbani, mmoja sebuleni. Akarudisha umeme. Taa zikapanda moja moja. Saa nne na dakika ishirini na nane leptopu ikafunguka, na Munguti akajaribu video moja ya mhubiri. Ikaenda kama maji.

"Iko, Mwaitu! Iko!"

Halafu kila mmoja, pale alipokuwa, alikuwa amefikiria jambo lilelile.

Rauta ndiyo ingepeleka intaneti sebuleni. Rauta imekufa. Waya wa njano ulikuwa na urefu wa mkono wa mtu mzima, basi. Na ile modemu ilikuwa imekaa sakafuni kwenye kona ya mbali ya chumba, kati ya ukuta na kichwa cha kitanda.

Munguti alijaribu kila kitu. Alimpigia simu jamaa anayeuza vitu vya kompyuta pale mjini, akaambiwa, "Niko njiani boss, nafungua saa tano." Akatoka nje, akang'oa ule waya mweusi mnene kwenye misumari yake ukutani ili aupitishe dirisha la sebuleni. Ukapungua hatua nne. Alipouvuta zaidi, pale unapoingia ukutani pakalegea, na kupitia dirisha la chumbani akaona taa ya nne ikianza kucheza. Akaukimbilia, akaushika kwa mkono, taa ikatulia. Akauachilia, ikacheza. Akaufunga na utepe mweusi, ikatulia kidogo kisha ikacheza tena.

Simu ya Kavutha ikalia. Ilikuwa wakili. "Mama, kesi ya kwanza imeahirishwa, nyinyi mnaitwa saa tano kamili. Uko tayari?"

"Niko karibu," Kavutha alisema.

Halafu akampigia binti yake. Nyuma ya Evalyne kulisikika mashine na wasichana wakicheka.

"Mama, ingia tu!" Evalyne alisema alipoelezwa. "Ni dakika ishirini. Hakuna mtu atakuona."

"Jaji ataniona. Nimekaa kando ya kitanda chako."

"Jaji hajui ni kitanda cha nani!"

"Mimi najua."

"Mama, kweli, sasa tupoteze shamba? Baba amelala pale." Evalyne akashusha sauti. "Kwa sababu ya mlango?"

Kavutha akakata simu, akasimama. Alienda kwenye ukumbi mdogo, akasimama mbele ya lile pazia. Lilikuwa la maua ya njano, yeye mwenyewe ndiye aliwanunulia mwaka wa harusi, na hakuwahi kuliona kutoka hapa karibu hivi. Akalifikiria kaburi la mume wake, na ile miti ya msindano aliyoipanda pembeni, aliyokuwa akiinywesha maji ya kuoshea vyombo. Akashika pazia. Akalisogeza kidogo. Akaona pembe ya godoro, na juu yake gauni la kulalia la binti yake, limeachwa ovyo kwa haraka ya alfajiri.

Mguu ulikuwa umeshainuka. Ukarudi chini.

Aliachilia pazia, akageuka, akamkuta Munguti amesimama mlango wa nje, utepe mweusi mkononi. Alikuwa ameona yote.

"Basi liende," Kavutha alimwambia ukuta. "Liende hilo shamba. Mungu anajua nilinunua. Nimeshindwa, Baba Katee. Mguu umekataa."

Alienda akakaa kwenye kochi, akaanza kuvua hereni.

Munguti alitoka. Kavutha akamsikia akipekua vyuma kwenye kisanduku chake cha kazi, kwa fujo, kama mtu anayetafuta kitu huku amekasirikia kitu kingine. Akarudi na spana mbili na nyundo, akapita mbele yake bila kuangalia upande, akaingia chumbani. Kisha zikaanza kelele za chuma kwa chuma.

Kile kitanda alikuwa amekitengeneza mwenyewe kwa mabomba ya inchi mbili, kizito, na kwa sababu hakingepita mlangoni kikiwa kizima, alikuwa amekifunga kwa nati, mbili kila pembe. Kavutha alizisikia zikilegea. Moja. Mbili. Ya tano ilikataa, Munguti akaiambia kwa Kikamba maneno ambayo hakukusudia yasikiwe, akaipiga nyundo, ikakubali. Godoro likatoka kwanza, limekunjwa, limemfunika kichwa, likapita sebuleni kama kiumbe chenye miguu ya binadamu. Kavutha aligeuza uso kwa dirisha. Halafu ubao wa kichwani. Halafu mabomba. Halafu mito, shuka, kikapu cha nguo chafu, viatu, picha ya harusi, hata kile kioo cha kujitazamia. Mpaka pazia lenyewe akaling'oa, akalitupa juu ya mengine nje.

Akasimama mbele ya mama mkwe anahema, jasho mpaka kidevuni, anaangalia sakafu.

"Mwaitu, pale hakuna chumba cha mtu kulala," alisema. "Kuna kona nne na intaneti. Hata mimi mwenyewe usiku sijui nitalala wapi. Ingia uongee na jaji wako."

Kavutha alirudisha hereni. Ilikuwa saa tano kasoro dakika nne.

Akaingia. Kilikuwa chumba kidogo, sementi tupu, vumbi limechora mahali kitanda kilipokuwa. Munguti alikuwa amemwekea kiti cha plastiki, na leptopu juu ya stuli. Kwenye kona modemu ilikuwa inaangalia na taa zake, tatu zimekaa, ya nne inacheza. Akasikia hatua za Munguti zikizunguka nyumba kwa mbio, halafu nje ya ukuta, karibu kabisa na sikio lake, sauti: "Sasa?"

Taa ya nne ikakaa.

"Imekaa," akasema.

"Usijali. Siachi."

Kwenye kioo wakatokea watu katika visanduku vyao. Jaji. Karani. Wakili Valerie, amekunja uso. Na wakili wa yule bwana wa Nairobi, mtu mnene mwenye tai nyekundu. Kavutha akasema yuko nyumbani kwa binti yake, akaapa. Hakuna goli lililoingia.

Valerie alikuwa ndiyo anaanza, wakati mwenye tai akainua mkono. "Mheshimiwa, kabla hatujaendelea. Naomba shahidi azungushe kamera tuone yuko na nani. Tunajua siku hizi kuna watu hukaa kando wakiwanong'oneza mashahidi majibu."

"Ni haki yake," jaji alisema. "Mama, unaweza kutuonyesha chumba?"

Kavutha aliinua leptopu kwa mikono miwili, waya wa njano ukikaza, akaizungusha polepole kama mtu aliyebeba trei ya chai. Ukuta. Ukuta. Dirisha lisilo na pazia. Mlango ulio wazi. Sakafu.

"Mbona ni tupu hivyo?" mwenye tai akauliza. "Hapo ni nyumba ya mtu au ni godauni? Mheshimiwa, huyu shahidi ametuambia yuko nyumbani kwa binti yake."

"Mama," jaji akauliza, "hapo ni wapi?"

Kavutha alirudisha leptopu kwenye stuli, akakaa, akavuta gauni lake magotini.

"Mheshimiwa, hapa ni chumba cha kulala cha binti yangu na mume wake. Waya wa intaneti umeishia hapa. Kile kingine cha kupeleka sebuleni kimeungua leo asubuhi, na ni makosa yangu. Mimi ni mama mkwe. Kwetu siruhusiwi kuingia mahali kitanda chao kiko. Nilikuwa nimekata tamaa nikasema shamba liende. Mkwe wangu akafungua kitanda akakitoa nje, ndiyo niingie."

Karani aliinamisha kichwa, mabega yakimtetemeka. Valerie alikuwa amefunika mdomo. Jaji hakucheka. Aliangalia kile kioo kwa muda, kama mtu anayetafuta jina la mtu anayemfahamu.

"Na yeye yuko wapi saa hii, huyo mkwe?"

"Yuko nje. Ameshikilia waya. Akiuachilia nitapotea."

"Basi tusimchoshe," jaji akasema. "Wakili, endelea na shahidi wako. Mama, chukua muda wako, sema pole pole. Tunakusikia vizuri sana."

Kavutha akasema. Alisema alinunua ile robo eka kwa mzee Kisemei, mwaka wa kile kiangazi kikubwa, ng'ombe wakifa kando ya barabara kuanzia Isinya mpaka Namanga. Kisemei alikuwa na ng'ombe kumi na mmoja waliobaki kati ya sabini, na aliuza ili anunue nyasi. Walitembea mipaka yote kwa miguu, yeye, Kisemei, na Nalangu, binti yake Kisemei, aliyeshika kamba upande mmoja. Kwenye kila pembe mzee alisimama akatema mate ya baraka kwenye mchanga, ndiyo akaacha jiwe la mpaka lisimikwe.

"Unakumbukaje yote hayo?" mwenye tai alimwuliza ilipofika zamu yake. "Miaka mingi imepita."

"Wewe umeshawahi kumwona mzee mkubwa akilia?"

"Jibu swali, mama."

"Najibu. Alilia pale pembe ya mwisho. Alisema, nakupa mahali ambapo mama yangu alikuwa akikamua. Hilo siwezi kusahau. Hata kama ungenilipa nisahau."

Wakati huo, kupitia dirisha, sauti nyingine ikaingia kutoka uani. Ilikuwa Ciku, jirani wa nyumba ya tatu, mwenye saluni, mwanamke ambaye ulimi wake hauna likizo.

"Baba Katee! Haki, landlodi amewatupia vitu?"

"Tunaanika godoro," Munguti alijibu kwa sauti ya chini.

"Na kitanda pia mnaanika? Na picha ya harusi?"

"Ina kunguni."

"Picha?"

"Ciku, tafadhali. Ongea pole pole. Kuna korti hapa ndani."

"Korti! Na wewe, mbona umekumbatia ukuta? Umefungwa?"

Kavutha alisikia yote na hakupepesa. Aliendelea kumwangalia yule bwana wa tai, akimjibu moja baada ya nyingine, nani aliandika makubaliano, nani alitia kidole, choo kilichimbwa lini, mume wake alizikwa mwezi gani na mchungaji gani. Dakika arobaini. Taa ya nne haikucheza hata mara moja. Mwisho mwenye tai akapekua karatasi zake na kusema hana swali lingine.

Jaji akaandika kitu. Akasema ushahidi wa Kavutha umeingia wote kwenye faili. Akaagiza Nalangu naye aitwe, ndipo ataamua. Halafu, kabla hajatoka, akasema, "Mama, msalimie mkwe wako," na kisanduku chake kikawa cheusi.

Kavutha alifunga leptopu. Alitoka katika kile chumba upesi, kabla hakijawa chumba cha watu tena, akapita sebuleni, akatokea uani kwenye jua.

Munguti alikuwa bado ameegemea ukuta, mkono umeinuliwa juu ya kichwa, vidole vimekuwa vyeupe kwa kubana. Nyuma yake kitanda kilikuwa kimelala vipande vipande, na Ciku amesimama katikati na kikombe cha chai, akila tamasha.

"Uachilie sasa, Baba Katee," Kavutha alisema.

"Wamemaliza?"

"Wamemaliza."

Alijaribu kushusha mkono, ukakataa. Akaushusha kwa kusaidiwa na ule mwingine. Alikuwa anauangalia mchanga kama kawaida, lakini tabasamu lilikuwa limempata na hakujua aliweke wapi. "Na lile swali la kwa nini chumba kiko tupu? Nilisikia kidogo."

"Nilisema ukweli."

"Wote?"

"Wote. Jaji amekusalimia."

Munguti akakohoa. Akainama akaokota bomba moja la kitanda, akalipangusa kwa shati ambalo lenyewe lilikuwa chafu zaidi, akaliweka tena chini. Kavutha aliona anavyotikisa ule mkono uliokufa ganzi, na lile godoro kubwa lililokunjwa kando ya mlango, na akajua hataliweza peke yake. Yeye mwenyewe hangeweza kuligusa. Hilo halikuwa limebadilika, na wote wawili walikuwa wanajua halijabadilika.

"Wewe Ciku," akasema.

"Naam, Mama Evalyne?"

"Hicho kikombe kiweke chini. Shika godoro upande ule, umsaidie kuingiza. Macho umeshayashibisha, sasa mikono ifanye kazi."

Ciku akaweka kikombe. Kavutha akawageuzia mgongo wakiingia, akaenda jikoni kuwapikia mayai.